Nyanya Ulizoacha Kula

Nasieku wangu,

Barua hii haina safari. Inaandikwa hapa kwenye stuli ya kukamulia, kivulini mwa tangi la maji, na itaishia mkononi mwako ukirudi na mama yako kutoka madukani. Sijawahi kukuandikia kwa sababu hujawahi kwenda mbali. Kesho unakwenda, na tangu ile siku barua ya chuo ilipofika nimejua kuna neno moja ambalo haliwezi kungoja uondoke ndipo lisemwe. Mdomo wangu umelijaribu mara nyingi. Juzi tu, tulipokuwa tukifunga sanduku lako kwa kamba, lilinifika hapa kooni, nikaanza kuzungumza habari za kufuli.

Mambo ya blanketi, ndala za kuogea, na kutoazima wenzako nguo, mama yako ameyamaliza, kisha akayarudia. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukueleza habari ya nyanya.

Najua umekunja uso. Ndiyo, nyanya. Wanawake wa sokoni Kitengela wananiita Mzee Nyanya, magari yanasimama hapa getini kuulizia nyanya, lakini msichana wa nyumba hii haonji hata kachumbari. Tangu ulipokuwa na miaka minane mama yako anapika mboga kwa sufuria mbili, moja yetu na moja yako isiyo na nyanya. Wageni wakiuliza, unacheka na kuwaambia, "Nyanya hainipendi." Koko, yaani mama yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema damu ya Mmaasai na vitu vya kuchimbachimba udongo havipatani. Na mimi nimekaa hapo hapo, nachovya ugali kwenye mchuzi.

Nasieku, nyanya haijakukosea kitu. Aliyekukosea ni mimi.

Nipe nafasi nianze mbali kidogo. Si kwa kukwepa. Nimekwepa miaka kumi na moja, nimechoka.

Ng'ombe wetu huwakumbuki vizuri. Ukame ulipouma niliwapeleka mpaka chini ya Kilimanjaro, upande wa Loitokitok, nikitafuta nyasi ambazo kila mtu alikuwa akizitafuta. Niliondoka na kundi nikarudi na fimbo. Sitakutajia idadi. Sisi hatuhesabu ng'ombe walio hai, sembuse waliokufa. Wakati huo sehemu kubwa ya ardhi ya babu yako nilikuwa nimeshawauzia watu wa kila pembe ya Kenya, na nyumba za mawe zilikuwa zimeanza kutuzunguka. Tulibaki na nusu eka, nyumba, mbuzi wachache, boma la ng'ombe likiwa tupu, na chupa kubwa ya dawa ya kupe ambayo haikuwa imefika hata nusu kuisha. Kila kitu kingine cha ng'ombe nilikigawa. Ile chupa na pampu yake ya mkono nilivitundika stoo. Mama yako aliniambia nivitupe. Nilimwambia ng'ombe watarudi.

Nikapata kazi ya kufungua geti la kiwanda upande wa Athi River. Mwanamume aliyezoea kuamka akiangalia mawingu sasa alikuwa akiamka kuangalia namba za malori.

Mama Wafula alikuja mwaka huo. Alitoka Bungoma na mumewe mwalimu, wakanunua ploti iliyopakana na sisi. Jembe lake lilishuka kwenye gari kabla ya kitanda, hilo nililiona kwa macho yangu. Baada ya miezi michache alikuwa na sukuma, kunde, mrenda na nyanya. Mimi nilicheka sana. Baba yangu aliona kuchimba ardhi ni kuijeruhi, na mtu mzima aliyeinama na jembe alimwonea huruma. Nilicheka hivyo hivyo nikiwa nimeshika kikombe cha chai kavu, bila maziwa, maana yalikuwa hayapo.

Halafu nikaanza kuchungulia ua wake.

Sikumwomba anifundishe. Unanijua. Nilinunua mbegu kimya kimya nikazitupa kwenye huu udongo wetu mweusi mvua ilipoanza. Udongo huu ukilowa unashika maji kama sufuria, ukikauka unapasuka mpaka mtoto anaweza kuangusha kiatu ndani. Miche ikaoza mizizi. Mara ya pili nikasema haina nguvu, nikaifukia kwa mavi ya mbuzi ya siku ile ile. Mama Wafula alikuwa akianika nguo.

"Baba Nasieku," akaniita, "hiyo mbolea bado iko na moto. Sasa wewe unapanda ama unachoma?"

"Mama Wafula, mimi nimelala na mbuzi tangu nizaliwe. Nani atanifundisha mavi ya mbuzi?"

"Haya. Mimi niko hapa. Zikiungua nitakuja mazishi."

Ziliungua. Mazishi hakuja, lakini nilimsikia akicheka jikoni kwake.

Mara ya tatu ndipo nikashika njia. Niliinua matuta ili maji yasisimame. Na mbolea nikaitoa mle bomani, kule chini kabisa, ambako ng'ombe wa baba yangu na wangu walilala miaka na miaka mpaka mavi yao yakawa udongo laini usio na harufu. Nilipochimba pale mara ya kwanza nililia, mwanangu. Sikuwa nimelia walipokufa. Lakini miche ile iliinuka! Shina kama kidole gumba, majani ya kijani kibichi mpaka yanakaribia weusi. Nilipita katikati yake asubuhi kama nilivyokuwa nikipita katikati ya kundi, nikiigusa mmoja mmoja, na mingine niliipa majina ya ng'ombe. Usimwambie mtu.

Na wewe ulikuwa nyuma yangu na kopo lako la kumwagilia. Nyanya ya kwanza kuiva tuliila sisi wawili pale kwenye tuta, nikakufundisha kuipaka chumvi. Kuanzia siku ile ulikuwa ukipita jikoni unachota chumvi, unaifumbia ngumini, halafu unakwenda kuchagua nyanya yako. Mama yako akilalamika chumvi inaisha, mimi nilikuwa nasema labda ni panya. Hiyo siri yetu ilinipendeza kuliko kitu chochote mwaka ule.

Kiangazi kikaja. Malori ya mawe na kokoto yalipita barabarani kutwa, vumbi likatua kwenye majani. Maji nayo niliyanunua kwa mkokoteni wa punda, kwa hiyo nilimwagilia siku za mapumziko yangu tu, mengi kwa mara moja, halafu siku nne kavu. Majani yakaanza kugeuka rangi, kama yamenyunyiziwa majivu. Nikageuza jani moja. Chini yake nikaona vidudu vidogo sana, vyekundu, vinatembea juu ya utando mwembamba.

Sasa sikiliza. Mkulima angesema huo ni utitiri. Mama Wafula angeniambia hivyo kama ningemwita. Lakini mimi nimetoa kupe kwenye masikio ya ng'ombe tangu nikiwa mdogo kuliko wewe wakati ule. Nilivitazama nikaona miguu ile, miili ile ya duara, nikajiambia: hawa ni watoto wa kupe. Na dawa ya kupe ninayo.

Nitakuambia ukweli wote, hata wa aibu. Nilifurahi. Nilikwenda stoo karibu nikikimbia. Nilipofungua ile chupa harufu yake ilinirudisha kwenye asubuhi za kuogesha ng'ombe, vumbi, ndama wanalia, baba yangu anapiga kelele. Nilichanganya kwa kipimo kile kile cha ng'ombe. Nilipiga mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, juu ya majani, chini ya majani, juu ya nyanya zilizoiva, huku nikipiga mluzi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Loitokitok nijisikie najua ninachokifanya.

Ndama tulikuwa tunamzuia kunyonya mpaka mama yake akauke dawa. Kila mtoto wa Kimaasai anajua hilo. Mimi nilijua. Na sikuwaza mara moja, Nasieku, hata mara moja, kwamba na hapa kulikuwa na wa kuzuiwa.

Mama yako alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Mimi niliingia ndani kunywa chai. Nilipotoka nilikukuta hapa hapa nilipokaa sasa, kabla tangi hili halijawekwa. Ulikuwa umetapika. Mate yalikuwa yanakutoka kama maji, mwili umelowa jasho, miguu inatetemeka yenyewe, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Mkono wako wa kulia ulikuwa umefumba. Niliufungua. Ulikuwa na chumvi.

Kwa hiyo nilijua. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nataka ulishike hilo, kwa sababu ndilo linalofanya yanayofuata yawe mabaya.

Lori la mawe lilitubeba mpaka hospitali. Daktari akakulaza, akakufunua macho, akaniuliza, "Mzee, mtoto amekula nini?"

"Sijui."

"Kuna dawa yoyote nyumbani? Ya panya, ya ng'ombe, ya shamba?"

Watu walikuwa wamejaa pale kwenye foleni, na wengi wananijua. Niliona vile wangecheka: Mmaasai amekosa ng'ombe, ameogesha nyanya. Niliogopa polisi pia, lakini nitakuwa mwongo tena nikisema hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nikamwambia, "Hakuna. Mimi sina ng'ombe."

Akaniuliza tena. Yule daktari kijana aliniangalia vizuri akaniuliza mara ya pili, na mimi nikasema, "Labda ameokota kitu huko nje. Huyu mtoto ako na tabia ya kuchukuachukua vitu."

Ulikuwa umelala hapo, hata kope huwezi kuzishika, na mimi baba yako nikakusingizia.

Sijui ningeendelea hivyo mpaka lini. Sipendi kulifikiria. Mama Wafula ndiye aliyefika, kwa miguu, kanga moja begani, anahema, na mkononi ameshika ile chupa yangu ndani ya karatasi ya plastiki. Alikuwa ameniona asubuhi napiga dawa. Alipoona lori linaondoka na wewe aliruka ua, akaingia stoo yangu bila hodi.

"Daktari, ni hii. Amepigia nyanya asubuhi. Nimemuona na macho yangu mawili."

Daktari alisoma maandishi ya kwenye chupa, akaita muuguzi, wakaanza kukudunga sindano. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru.

Ulilala pale siku tatu. Siku ya tatu ulifungua macho, ukanitambua, ukasema kwa sauti ndogo, "Papa, nilifanya nini?"

Na hapo nilikuwa na nafasi yangu. Hakukuwa na foleni wala watu wa kunicheka, tulikuwa wawili tu. Nikakuambia, "Ulikula nyanya bila ruhusa. Hazikuwa tayari. Ndiyo maana ukaugua."

Ukasema, "Nisamehe, Papa. Sitakula tena."

Ukaniletea kichwa. Hukuweza kusimama, kwa hiyo ulikiinamisha tu juu ya mto, kama mtoto anavyomwinamia mkubwa wake ili ashikwe kichwa. Mimi nikaweka mkono wangu juu yake, nikakusamehe.

Nimeandika hapo nikasimama kidogo. Nimekwenda kuangalia matuta, nimerudi.

Ahadi yako umeitunza kuliko mtu mzima yeyote ninayemjua. Hujala tena. Na kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, ukija kunisalimia, unainamisha kichwa na mimi naweka mkono pale pale. Umekuwa mrefu, sasa inabidi upinde shingo sana, lakini unakileta. Leo asubuhi ulipokileta nilijifanya nina mikono michafu. Mikono yangu ilikuwa safi.

Mama yako alijua siku ile ile, Mama Wafula alimwambia. Nilitarajia vita. Aliniambia maneno machache tu: "Hiyo si yangu ya kumwambia. Ni yako." Halafu akanunua sufuria ya pili. Usimkasirikie kwa kunyamaza. Kila msimu nyanya zikiiva huniangalia, nami huangalia kwingine. Kama unatafuta kwa nini mama yako hupenda kugonga ile sufuria ndogo kwa mwiko, sasa unajua anamgongea nani.

Mama Wafula naye, unajua nilimlipa nini? Nilimnunia. Ameokoa mtoto wangu, na mimi nikaona amenivua nguo mbele ya watu. Msimu mzima sikumjibu salamu. Ile miche niliing'oa yote nikaifukia mbali na mbuzi, na ile chupa nikaipeleka kwa afisa wa mifugo aamue yeye ataimaliza vipi. Nikaapa sitalima tena. Mwenye kiburi huapa haraka.

Mvua ya kwanza iliponyesha alikuja mwenyewe, akasimama pale kwenye ua.

"Jirani, nimekuja kuomba."

Nikatazama miguu yake.

"Niko na shida ya mbolea. Yangu imeisha. Na hiyo ya boma lako hakuna mtu yuko nayo Kitengela yote."

Alikuwa na rundo la mbolea nyuma ya jiko lake, nilikuwa naliona kutoka nilipokaa. Hakuhitaji hata kijiko. Lakini alinipa kitu cha kumpa, Nasieku. Mtu uliyemkosea akija kukuomba msaada ili uweze kuinua uso, huyo mshike usimwachie. Nilimbebea magunia mawili. Akaniachia kopo la miche, na tangu siku hiyo akanifundisha, na mimi nikakubali kufundishwa, nikiwa na mvi.

Alinionyesha kwamba mimea yangu ilikuwa imelia kiu na vumbi kabla utitiri haujaja. Utitiri hupenda jani kavu lenye vumbi. Nikawa naamka mapema naosha majani kwa maji matupu, upande wa chini, yapate jua la kuyakausha. Jani lililozidiwa nalitoa na kulichoma. Ikibidi, napiga maji ya sabuni ya kipande. Nyasi kavu nikazitandaza chini ya mimea, udongo ukaacha kupasuka. Nikaweka mifereji kwenye bati na hili tangi, maana maji ya kisima hapa kwetu yana chumvi na nyanya huyanywa kwa shingo upande. Kumwagilia ni kila siku, maji kidogo, shinani, wala si juu ya majani. Yale mafuriko yangu ya siku za mapumziko ndiyo yaliyokuwa yanaozesha nyanya matako, nami nililaumu mbegu.

Kitu kimoja kilinishinda muda mrefu. Mama Wafula alikuwa akipita anavunja vichipukizi vinavyoota kwapani mwa matawi, taf, taf, taf, bila huruma. Mimi sikuweza. Mchungaji hatupi ndama mzima. Niliviacha vyote, nikapata msitu wa majani na nyanya chache, ndogo kama punje za kunde. Sasa navivunja, lakini bado huomba radhi kila kimoja. Ulinisikia mwaka juzi ukaniuliza naongea na nani, nikasema naomba Mungu.

Na ukumbuke pia kwamba sijawahi tena kupiga kitu chochote kwenye nyanya hizi bila kufunga kamba nyekundu kuzunguka matuta. Ulikuwa ukiniuliza ile kamba ni ya nini, kwa sababu wewe huli, mama yako anajua, na mimi ndiye ninayepiga. Ilikuwa yako. Nilikuwa nakuzuia wewe, miaka baada ya siku iliyohitaji kuzuiwa.

Sasa kesho unakwenda kujifunza uuguzi, mbali, upande wa Bungoma, kwao Mama Wafula. Kati ya kazi zote ulizoweza kuchagua, ukachagua ile ambayo itakuweka pembeni mwa kitanda, unamuuliza baba wa mtu, "Mtoto amekula nini?" Siku uliyotuambia, mama yako alipiga vigelegele na mimi nikatoka nje. Ulidhani sikufurahi. Nilifurahi, na nikaogopa vile vile.

Utakutana na mimi huko, mwanangu. Nitakuwa Mluhya, Mjaluo, Mkalenjin, nitakuwa na koti la kanisani, nitaangalia dari na kusema sijui. Usinidharau. Niulize tena, polepole, unitoe kwenye foleni kwanza, kando, mahali ambapo hakuna anayenijua. Labda nitasema. Yule daktari alijitahidi sana, lakini aliniuliza mbele ya watu, na mimi nilikuwa mtu mdogo siku ile. Na akitokea mwanamke anahema na chupa mkononi, mpishe njia.

Simu ya mkononi ninayo, ningeweza kungoja ufike nikupigie. Nimekataa hiyo njia. Ningekuambia ukiwa mbali ungenisamehe kwa sababu ya umbali, au ungenichukia usiwe na mlango wa kugonga. Ndiyo maana nakupa barua hii leo, jua likiwa bado liko juu, na kesho asubuhi bado haijafika. Kuna muda wa wewe kunipigia kelele. Hujawahi kunipigia kelele, na ninadhani unanidai hiyo.

Nakuomba msamaha, Nasieku. Hukuiba. Hakuna siku uliyoiba kwenye shamba la baba yako. Mwili wako si dhaifu, damu yako haina shida na kitu chochote kinachoota. Ile siku mikono yako ilikuwa na chumvi, yangu ilikuwa na sumu, na aliyeomba msamaha akawa wewe. Naurudisha ule msamaha kwako kwa sababu haukuwa wangu kuupokea.

Sitakuambia ule nyanya. Miaka kumi na moja ni mingi, na ulimi una akili yake. Pengine hutaipenda maisha yako yote, sasa ikiwa ni kwa kupenda kwako na si kwa uongo wangu. Hilo nalo litanitosha.

Lakini nakueleza kilichopo. Tuta la mwisho, lile lililo karibu na boma, lina mche mmoja ambao sijauvuna. Mama Wafula aliuliza kama nimeusahau. Tangu ulipochipuka haujapigwa kitu chochote zaidi ya maji, hata sabuni. Umeiva vizuri, kuna nyanya nne nyekundu kabisa, za kesho si za leo, lakini leo zinakubali. Majina ya ng'ombe niliacha kuipa mimea siku nyingi. Huu nimeupa jina lako.

Naona vumbi la punda barabarani na nyuma yake kitenge cha mama yako, kwa hiyo mmefika. Nitakupa hii karatasi, kisha nitakwenda kukaa kwenye lile tuta. Usije na kichwa kimeinama. Kama hutaki kuja, nitaelewa, na kesho sanduku lako nitalibeba mpaka stejini kama nilivyosema.

Ukija, pitia jikoni. Beba chumvi.

Baba yako.